Kiduha cha Njia ya Mkato

Kwa miaka kumi na moja Hadubini hakuruhusiwa kukanyaga shamba la mtu yeyote, naye ni binti wa wakulima, mtu aliyejifunza kutembea akishikilia mabua ya mtama. Jina hilo walimpa wenzake kazini kwa sababu ya macho yake. Punje ambayo wengine waliitafuta kwa kioo cha kukuzia, yeye aliiona kiganjani mwake bila kukunja uso. Na kazi yake ilikuwa kutunza magugu. Ndivyo alivyowajibu waliomwuliza, nao wakacheka, maana nani huajiriwa kutunza magugu?

Magugu yenyewe ni kiduha. Yalikaa katika nyumba ya vioo nyuma ya kituo cha utafiti, ndani ya vyungu mia tatu, kila chungu na mtama wake wa kunyonywa. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Mche mmoja hutoa mbegu elfu hamsini, na mbegu moja inaweza kulala udongoni miaka ishirini ikisubiri kuitwa. Anayeiita ni mtama wenyewe. Mzizi ukiwa na njaa hutoa kemikali udongoni, kama mtu anayepiga hodi kwa ukungu mwema unaoishi na mizizi na kuilisha. Kiduha kimejifunza, kizazi baada ya kizazi, kuudaka mwito ule usiokihusu. Kinaamka, kinajichomeka kwenye mzizi, kinanyonya. Siku maua yake ya zambarau yanapoonekana juu ya ardhi, mtama umekwisha kitambo. Ndiyo maana wengi hudhani wamelogwa.

Aina iliyokuwa kwenye vyungu ililetwa kutoka nchi ya mbali, ikachaguliwa kwa ukali wake. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na masharti. Kulikuwa na milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, na katikati yake kijichumba kisichozidi hatua mbili, chenye bafu na joto la jiko. Unaingia, unavua kila kitu, unavaa ovaroli na viatu vya mpira. Ukitoka unaoga, unaosha nywele, unasugua kucha kwa brashi, unaandika kitabuni saa uliyooga na kutia sahihi. Tena ulisaini hati kwamba hutakanyaga shamba la nafaka kamwe. Ukikanyaga, huruhusiwi kurudi ndani. Kila jioni Hadubini alisimama katika kijichumba kile akingoja taa iwe ya kijani ndipo mlango wa pili ukubali kufunguka, na kila jioni alijiambia kwamba taa ile ina kiburi kuliko mkuu wa kituo.

Aliyeongoza kazi aliitwa Daktari, mama mfupi wa sauti ndogo, ambaye kwa miaka minane alikuwa akijaribu mitama ya zamani mmoja mmoja. Hatimaye aliupata mmoja ambao kipande kidogo cha vinasaba vyake kilikuwa kimepotea, na kwa kupotea kule mzizi ulibadilisha mwito. Ukungu mwema uliendelea kusikia. Kiduha kiliendelea kulala. Wakauita Bubu.

Siku simu ya kaka yake ilipolia, Hadubini alikuwa nje ya milango yote miwili, amekaa kwenye ngazi ya stoo, nywele bado mbichi.

"Wewe ndiye msomi wa majani," kaka alisema bila hata salamu. "Niambie. Kuna kitu kimeota shambani. Kimaua cha zambarau, kizuri tu, ukikiona utadhani mtu kapamba. Lakini mtama unaokizunguka umedumaa, umesinyaa kama umepigwa jua la wiki nzima."

"Kirefu kiasi gani?"

"Kinafika gotini. Na bwana shamba amekuja, amekitazama, ameshika kiuno. Anasema huku kwetu hakijawahi kuonekana."

Hadubini alihamisha simu sikio la pili. "Kimeanzia wapi?"

"Hilo ndilo la ajabu. Kimefuata njia ya mkato. Kutoka barabarani mpaka uani, mstari mmoja, kama mtu aliyetembea akimwaga. Mwaka juzi niliona vichache nikadhani maua ya porini. Mwaka jana vikaongezeka. Sasa vimetapakaa kote. Lakini mimi aliyenifanyia hivi namjua."

"Nani?"

"Nani mwingine? Mama Ng'ombe. Si ndiye aliyenipa samadi? Na ng'ombe wake si aliwanunua huko mbali, kwenye mashamba yaliyokufa kwa magugu? Wahenga hawakukosea, dada yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kaka aliendelea kusema, lakini Hadubini hakusikia tena. Alikuwa akitazama upindo wa suruali yake.

Miaka minne nyuma, mchana wa jua kali, alikuwa ndani ya nyumba ya vioo akikung'uta vifuko vya mbegu za kiduha kwenye karatasi. Simu hazikuruhusiwa ndani. Mlinzi aligonga kioo na kubandika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: BABA YAKO ANAKATA ROHO. Alitoka. Hakuoga. Alisimama katika kijichumba akingoja taa, akahesabu mpaka ishirini, akasukuma mlango kwa bega mpaka kitasa kikalegea. Pikipiki ilimshusha barabarani na ovaroli mwilini, na kutoka pale alikimbia kupitia njia ya mkato, katikati ya mtama wa baba yake, mabua yakimpiga kifuani na mapajani. Alimkuta mzee anapumua. Mama Ng'ombe alikuwa kando ya kitanda, akimlowanisha midomo kwa kitambaa. Ni yeye aliyemwuguza miezi mitatu, kwa kuwa kaka hakuwa na mke na dada alikuwa na kazi yake. Baba alimshika Hadubini mkono wa ovaroli, akamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Hakungoja jibu.

Baada ya mazishi alirudi kazini, akafungua kitabu kwenye tarehe ile. Nafasi ya saa ya kuoga ilikuwa tupu. Akaandika: saa nane na robo, nimeoga. Akatia sahihi.

Sasa alimwambia kaka yake, "Usimseme mtu kabla hujajua."

"Najua."

"Kaka, hujui."

"Basi nieleze wewe unayejua."

Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Wiki zilizofuata aliishi kama mtu aliyemeza mfupa. Kaka alipiga simu kila siku ya pili. Mara amepanda miiba kufunga njia ambayo ng'ombe wa yule mama walipita kwenda kunywa maji. Mara majirani wengine wameungana naye, kwa sababu maua yamevuka mpaka. Mara watoto wanamzomea mama wa watu akipita. "Na anapita kimya," kaka alisema. "Asiye na hatia angejibu." Hadubini aliyasikiliza yote huku akijichubua ngozi ya kidole gumba. Akisema, amekwisha, na nyumba ya vioo imekwisha naye. Akinyamaza, kuna mtu anabeba gunia lake. Aligeuka huku, ukuta. Aligeuka kule, ukuta.

Kisha zikaja bahasha. Bwana shamba alikuwa amekusanya majani ya kiduha kutoka kila kilipochomoza, akayatuma kituoni vipimwe vinasaba vyake, ijulikane kimetoka wapi. Daktari alizipanga mezani kumi na mbili. "Ulinganishe na vya huko kwenye mashamba yaliyokufa," alisema, "na uweke na vya kwetu humu ndani, kwa utaratibu tu." Kwenye bahasha ya saba Hadubini alisoma jina la kijiji chao, na chini yake jina la kaka yake, kwa mwandiko wa kalamu ya buluu.

Alikata kipande cha jani la saba, akakisaga, akafungua kichupa chake kitupu. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika jani la bahasha ya tatu. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili tu: jani la tatu kwenye kichupa cha saba. Ukweli ungebaki kichwani mwake, na kichwa hakifunguliwi kwa mashine. Alilitazama jani lile muda mrefu hata barafu ya kwenye trei ikaanza kuyeyuka. Kisha akalirudisha kwenye bahasha yake, si kwa ushujaa, bali kwa sababu kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuchanganya sampuli na mikono yake haikujua namna ya kuanza.

Majibu yalitoka siku ya nne. Daktari aliyafungua kwenye kompyuta, akaipandisha miwani yake.

"Hii ya saba haifanani na ya mashamba yaliyokufa," alisema. "Haifanani kabisa." Aliteremsha ukurasa polepole. "Inafanana na ya kwetu."

"Ndiyo."

"Mbona unasema ndiyo?"

"Ni shamba la kaka yangu. Ni mimi niliyepita, Daktari. Siku ya baba. Sikuoga."

Daktari hakupaza sauti. Hakuwa nayo ya kupaza. Aliondoka kitini, akaufunga mlango wa ofisi, akarudi, akakaa. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi andika chanzo hakijulikani."

"Daktari..."

"Nisikilize kwanza. Ukitaja, kesho watakuja kuchoma nyumba yote. Vyungu, udongo, vitabu, kila kitu, ndivyo sheria inavyosema. Na Bubu humo humo. Mbegu za Bubu zinajaa nini? Ndoo moja. Miaka minane, ndoo moja! Adui ameshatoka nje, dawa bado iko ndani. Unataka kuichoma dawa ili roho yako itulie?"

"Kuna mama anabebeshwa kosa langu."

"Ninamwonea huruma. Nipe misimu miwili. Nizidishe mbegu, nizitoe safi, kisha mimi na wewe tutakwenda kusema. Misimu miwili, mwanangu."

Hadubini alikubali. Kukubali kwenyewe hakukuwa na sauti, alitikisa kichwa tu, na jioni ile katika kijichumba taa iliwaka kijani naye akaendelea kusimama, maji yakimchuruzika, mpaka mlinzi akauliza kama kuna tatizo.

Alidumu siku ishirini na moja. Siku ya ishirini na mbili kaka alipiga simu akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo muda mrefu. "Tumemaliza. Kikao cha kijiji kimeamua. Mwisho wa mwezi Mama Ng'ombe aondoke na mifugo yake. Wawili ameshawauza, na hao waliobaki ajue mwenyewe."

"Anakwenda wapi?"

"Alikotoka."

"Kaka, yule hakutoka popote. Alizaliwa hapo."

"Basi arudi alikozaliwa, lakini si karibu na shamba langu." Akacheka kwa mzaha wake mwenyewe.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Hadubini alishuka barabarani mbele ya shamba. Hakuwa ameaga mtu kazini. Alisimama ukingoni mwa lami na kumpigia kaka simu atoke. Mbele yake mtama ulikuwa umesimama kwa makundi, manjano na mfupi, na chini yake zambarau tupu. Alikuwa ameyatunza maua yale kwa miaka, akayajua majani yake kama mama ajuavyo vidole vya mwanawe. Hakuwa amewahi kuyaona yakiwa huru.

Kaka alikuja akipangusa mikono. "Mbona umesimama kama mkusanya ushuru? Pita ndani."

"Siruhusiwi kukanyaga. Nina neno."

"Neno gani lisiloweza kukaa kivulini?"

Alimwambia. Hakulipamba, hakulizungusha, alisema ovaroli, bafu, njia ya mkato, kitabu, sahihi. Mwanzoni kaka alitabasamu, akidhani ni utani wa kishemeji uliokosa shemeji. Kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, halina mwenyewe.

"Unamtetea yule mama," alisema.

"Nimepima kwa mkono wangu. Si samadi. Ni mimi."

"Msimu mzima sijamsalimia." Aliketi chini, pale pale kwenye majani ya kando ya barabara. "Amemwosha baba yetu kwa mikono yake. Msimu mzima, akipita, nampa mgongo. Nimesimama kikaoni, nimesema maneno..." Akainua macho. "Na wewe ulikuwa kwenye simu. Nikikuhadithia. Ukinisikiliza."

"Nilikuwa nakusikiliza."

"Ingia."

"Kaka, nikiingia sirudi tena kazini. Sheria—"

"Nimekwambia ingia! Uje uone kwa hayo macho yako wanayoyasifu."

Alivua viatu, sijui kwa nini; labda kwa heshima, labda kwa mazoea ya kuvua. Akaingia. Udongo ulikuwa wa moto. Walipita njia ya mkato yote, kaka mbele na yeye nyuma, mpaka wakatokea upande wa pili kwenye ua wa Mama Ng'ombe.

Mama yule alikuwa akifunga mlango wa zizi kwa kamba. Alisikiliza yote akiwa bado ameshika kamba. Hadubini alipomaliza alipiga magoti, na mama akamwambia asimame, amechafua gauni bure.

"Sasa mnataka niseme nini?" aliuliza. "Niseme nimesamehe, mkalale? Ng'ombe wangu wawili wameshakwenda. Mmoja alikuwa na mimba." Alimgeukia kaka. "Wewe ulisimama kikaoni na sauti. Kasimame tena na sauti ile ile. Hayo mengine nitayafikiria nikipata nafasi."

Kaka alisimama kikaoni Jumapili, Hadubini kando yake, na uamuzi ukatenguliwa. Watu hawakumzomea Hadubini. Walimkwepa tu, kama unavyokwepa waya usiojua kama una umeme. Jumatatu aliandika barua kwa mkuu wa kituo, akaeleza yote isipokuwa maneno ya Daktari ofisini.

Nyumba ya vioo ilichomwa kama Daktari alivyosema. Lakini Daktari, aliyekuwa hana sauti, alikwenda ofisi baada ya ofisi akirudia hoja moja: Bubu hawezi kujaribiwa pasipo na kiduha, na kiduha cha aina ile sasa kiko kwenye shamba moja na kingo zake. Mjaribuni huko huko. Mbegu zikaoshwa kwa dawa, zikakaguliwa, zikatolewa. Shamba la kaka likazungushiwa uzio, pamoja na vipande vya majirani vilivyoguswa. Hakuna bua, hakuna punje, hakuna hata kwato iliyoruhusiwa kutoka bila kuoshwa. Langoni likajengwa bafu la bati. Kwa mara ya kwanza maishani kaka alianza kuoga ili aruhusiwe kwenda dukani.

"Umenitia jela nyumbani kwangu," alimwambia dada yake siku ya kwanza.

"Najua. Nimo humo humo."

Kazi ya kulilinda shamba walimpa yeye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na macho yale, na hakuna mahali pengine palipomtaka. Kaka hakuongea naye msimu mzima isipokuwa kwa mambo ya jembe na ndoo.

Bubu aliota. Alirefuka, akapita kiuno, akapita bega, kijani hadi ncha, juu ya udongo uliojaa mamilioni ya mbegu za kiduha zilizolala zisisikie kitu. Majirani walikuja kusimama nje ya uzio wakitazama. Mama Ng'ombe naye alipita, akatupa salamu kutoka barabarani, hakusimama.

Wiki ya tisa Hadubini alikuta kitu kwenye safu ya kumi na nne. Kichwa cha kijani, hakijapata hata ua. Akakuta kingine. Alipomaliza shamba lote alikuwa na saba. Aliviweka kwenye ndoo, akakaa juu ya jiwe, akawa anavitazama mpaka kaka alipokuja.

"Ulisema havitaota."

"Nilisema vingi havitasikia. Hivi vimesikia." Alikiinua kimoja, na mzizi wake mweupe uliokuwa bado umeng'ang'ania kipande cha mzizi wa mtama. "Kati ya mamilioni, lazima wachache wamezaliwa na sikio tofauti kidogo. Kwenye mtama wa kawaida sikio hilo haliwafai kitu. Hapa ndio peke yao wanaokula. Wakichanua, watoto wao wote watakuwa na sikio hilo hilo. Misimu mitano, Bubu atakuwa kama mtama mwingine wowote."

"Kwa hiyo tunawasomesha."

"Tusipowang'oa kabla ya ua, ndiyo. Tunawasomesha."

Kaka alichutama, akatia mkono ndani ya ndoo, akakigusa kiduha kama mtu anayegusa meno ya mbwa aliyekufa. "Na vilivyolala huko chini vitakwisha lini?"

"Miaka ishirini. Labda kumi na tano."

"Kila msimu uvitafute hivi, safu kwa safu?"

"Kila wiki."

Hadubini alikuwa na miaka arobaini na miwili. Hakuhesabu kwa sauti, lakini kaka alihesabu, maana Hadubini aliiona midomo ya kaka ikitikisika. Walivichoma vile saba kwenye pipa la langoni. Asubuhi iliyofuata, alipotoka kuanza safu ya kwanza, alimkuta kaka ameinama upande wa pili wa shamba, anafunua majani, anatafuta. Hakumwita. Kila mmoja alishika safu zake, wakakutana katikati jua likiwa utosini.

"Sijaona," kaka alisema.

"Unatazama juu mno. Tazama pale bua linapoingia ardhini."

Akarudia safu ile tangu mwanzo. Akapata kimoja.

Mwezi ule ule kaka alianza kuchimba msingi wa chumba ndani ya uzio, karibu na kisima, kwa sababu dada alikuwa akilala kwenye stoo ya mbolea. Alipima kwa kamba, akapigilia vigingi, akamwita aje aseme kama kinatosha. Hadubini alisimama katikati ya vile vigingi vinne, akanyoosha mikono, akasema kinatosha. Kaka alikitazama, akang'oa vigingi viwili na kuvisogeza hatua tatu mbele.

"Miaka ishirini ni mingi," alisema, akaendelea kuchimba.